Picha ya Daraja la Rusumo: Kumbukumbu ya ukutani inayohitaji wa kuisemea

UKUTA wa sebule katika nyumba za Akheri, wilayani Arumeru, mara nyingi ndio kitabu cha historia ya familia. Hapo hutundikwa picha ya ndoa iliyofungwa kanisani, ya mtoto siku ya kipaimara, ya mhitimu aliyevaa joho, na ya babu aliyeketi wima huku mikono yake ikiwa juu ya magoti. Wapo pia wanaoweka picha ya Baba wa Taifa.

Si jambo la ajabu, miongoni mwa picha hizo, kuwapo moja isiyo na sura ya mtu yeyote wa ukoo: picha ya kale ya daraja, nyeusi na nyeupe au iliyokwishageuka rangi ya kahawia, ndani ya fremu ya mbao yenye kioo. Mgeni huitazama, huuliza ni wapi, naye hujibiwa kwa ufupi kwamba ni Rusumo, mpakani. Kisha mazungumzo hurudi kwenye chai na habari za mvua.

Jibu hilo si la uongo, lakini ni fupi mno kwa daraja lenye historia kama ile. Rusumo ni mahali ambapo mto uligeuzwa kuwa mpaka, ambapo mwaka 1994 umati mkubwa wa watu ulivuka kwa siku mbili tu, na ambapo miaka miwili na nusu baadaye umati huo ulirudi kwa njia ile ile. Picha iliyopo ukutani inaweza kuwa ushahidi wa sehemu mojawapo ya mambo hayo. Inaweza pia isiwe ushahidi wa chochote, endapo hakuna aliyeandika ilipigwa lini, upande gani na na nani.

Tofauti kati ya hali hizo mbili haiko katika ubora wa kamera wala uzuri wa fremu. Iko katika maneno machache nyuma ya picha, na wenye uwezo wa kuyaandika maneno hayo wanazidi kupungua mwaka hadi mwaka.

MTO ULIOGEUZWA MPAKA

Maporomoko ya Rusumo yapo katika Mto Kagera, karibu na mahali ambapo maji ya Mto Ruvubu yatokayo Burundi hukutana na yale yatokayo Rwanda. Upande wa Tanzania ni Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera. Mto hapo hubanwa na mawe, na kwa sababu hiyo pamekuwa pahala pa kuvukia tangu kale.

Mei 1894, mwanajeshi na mpelelezi wa Kijerumani, Gustav Adolf von Götzen, alivuka mto katika eneo hilo na kuingia Rwanda. Miaka saba baadaye alikuwa Gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na ndiye aliyekuwa madarakani Vita vya Majimaji vilipoanza mwaka 1905.

Wakati huo mto haukuwa mpaka wa kimataifa. Rwanda, Burundi na Tanganyika zote zilikuwa chini ya Wajerumani. Mpaka ulizaliwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilipopewa Tanganyika na Ubelgiji ikapewa Ruanda-Urundi.

Hata hapo mstari haukukaa mtoni mara moja. Kwa makubaliano ya mwaka 1919, Uingereza ilichukua pia eneo la Gisaka, mashariki mwa Rwanda, kwa matumaini ya kupitisha reli. Uamuzi huo uliigawa Rwanda, ukapingwa, na hatimaye ukabatilishwa. Eneo hilo lilibaki mikononi mwa Waingereza hadi mwishoni mwa mwaka 1923, kisha likarejeshwa chini ya Wabelgiji. Tangu hapo Mto Kagera ndio mpaka katika sehemu hiyo.

Historia hii ina umuhimu kwa mwenye picha. Kadi ya posta au picha ya kale yenye maandishi ya Kijerumani yanayotaja Afrika ya Mashariki ya Kijerumani huonyesha kivuko cha ndani ya koloni moja. Yenye neno Ruanda-Urundi ni ya kabla ya Julai 1962, nchi hizo mbili zilipopata uhuru. Yenye neno Tanganyika kwa kawaida ni ya kabla ya Muungano wa Aprili 1964. Mandhari inaweza kuwa ile ile, lakini kinachovukwa si kitu kile kile.

SIKU DARAJA LILIPOELEMEWA

Daraja ambalo watu wazima wengi wanalikumbuka ni lile la njia moja lililojengwa mwaka 1972. Magari yalivuka kwa zamu, malori yakisubiri upande mmoja hadi upande wa pili uishe. Kwa miaka mingi lilikuwa daraja la biashara: shehena kutoka Bandari ya Dar es Salaam zilipita hapo kwenda Kigali.

Aprili 6, 1994 ndege iliyomchukua Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda, akitokea Dar es Salaam kwenye mkutano wa viongozi wa kanda, ilitunguliwa Kigali. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza, na kwa muda wa siku zipatazo 100 waliuawa watu wanaokadiriwa kuwa 800,000 au zaidi, wakiwamo Wahutu waliopinga mauaji hayo.

Eneo la Rusumo upande wa Rwanda halikusalimika. Katikati ya mwezi huo, maelfu ya watu waliokimbilia Kanisa Katoliki la Nyarubuye waliuawa humo. Mto uliokuwa ukipita chini ya daraja ukaanza kubeba maiti, ukazipeleka hadi Ziwa Victoria, na wavuvi wa upande wa Uganda wakawa miongoni mwa walioziopoa. Makaburi ya pamoja ya watu hao yapo hadi leo katika mwambao wa ziwa nchini Uganda, likiwamo lile la Kasensero.

Kisha, Aprili 28 na 29, majeshi ya Rwanda Patriotic Front yakiwa yanakaribia mpakani, umati ulianza kuvuka kuingia Tanzania. Makadirio hutofautiana kati ya watu 170,000 na 250,000 kwa muda wa saa zipatazo 24. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilisema halijawahi kushuhudia wimbi kubwa na la haraka kiasi hicho. Kambi ya Benaco, wilayani Ngara, ikageuka kuwa mji ndani ya siku chache.

Picha zilizopigwa siku hizo zilizunguka dunia nzima. Zinaonyesha watu wenye magodoro vichwani, baiskeli zilizobebeshwa, mbuzi, sufuria na watoto walioshikwa mikono. Kwa mtazamaji asiyejua, wote ni kitu kimoja: wakimbizi.

Ukweli haukuwa rahisi kiasi hicho. Wengi wa waliovuka walikuwa wakulima wa kawaida waliokimbia vita na hofu ya kisasi. Lakini miongoni mwao walikuwamo pia waliopanga na kutekeleza mauaji, wakitembea barabara moja na wengine wote, wakibeba mizigo ya aina ile ile. Jicho la kamera halikuweza kuwatenganisha, na hata leo picha hizo haziwezi.

Desemba 1996 daraja lilielemewa tena, safari hii kwa kurudi. Serikali ya Tanzania na UNHCR zilitangaza kuwa wakimbizi wa Rwanda warejee kwao kabla ya mwaka kwisha, na mamia ya maelfu walivuka, wengine kwa hiari na wengine wakisindikizwa na vyombo vya dola. Jambo hilo lilizua mjadala mkubwa kuhusu haki za wakimbizi.

Kwa hiyo picha ya umati darajani, bila tarehe, ina uwezekano wa kuwa ya Aprili 1994 au ya Desemba 1996. Mwelekeo wa nyuso za watu ndio pekee unaoweza kutofautisha kukimbia na kurudi, na hata huo hausaidii kitu kama haijulikani mpiga picha alisimama upande upi wa mto.

KUTOKA DARAJANI HADI ARUSHA

Akheri na Rusumo ziko mbali sana, moja ikiwa kaskazini penye migomba na kahawa za Meru, nyingine ikiwa kaskazini magharibi kabisa mwa nchi. Hata hivyo, kwa sababu ya Rwanda, historia imeziweka karibu kuliko ramani inavyoonyesha.

Mkataba wa amani uliokusudiwa kuimaliza vita ya Rwanda ulitiwa saini Arusha, Agosti 4, 1993. Mkataba huo ulishindwa kuzuia mauaji, na Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyofahamika zaidi kwa kifupi chake cha ICTR. Mwaka uliofuata Arusha ilichaguliwa kuwa makao yake. Hadi ilipofungwa Desemba 31, 2015, mahakama hiyo ilikuwa imewafungulia mashitaka watu 93.

Mmoja wao alikuwa Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa Rusumo wakati wa mauaji. Alikimbilia Tanzania mwaka 1994 na kukamatwa mkoani Kigoma Juni 2001. Juni 17, 2004 mahakama hiyo ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari na makosa mengine, yakiwamo ya Nyarubuye, na kumhukumu kifungo cha miaka 30. Julai 7, 2006 Mahakama ya Rufani iliongeza adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha.

Kwa takribani miaka 20, basi, yaliyotendeka karibu na daraja lile yalikuwa yakisikilizwa katika vyumba vya Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, umbali mfupi kwa daladala kutoka Tengeru na Akheri. Madereva, walinzi, wapishi, makarani na wakalimani walipata ajira humo. Wengine kutoka mikoa mbalimbali ya Tanzania walikuwa wamekwishafika Ngara kabla ya hapo, wakiwa wauguzi, askari au watumishi wa mashirika ya misaada. Picha ya Rusumo katika nyumba ya Arumeru, kwa hiyo, si kitu kilichopotea njia.

Mwenendo wa mahakama unatoa somo moja linalomhusu mwenye picha. Picha, ramani na michoro vilitumika katika mashauri, lakini havikuachwa viseme vyenyewe. Shahidi alionyeshwa picha na kutakiwa kueleza ni mahali gani, yeye alisimama wapi, na kilichoonekana hapo kilikuwaje siku ya tukio. Picha isiyo na mtu wa kuieleza ilikuwa na uzito mdogo. Na kama ilivyo mahakamani, ndivyo ilivyo sebuleni.

JINSI YA KUISOMA PICHA YENYEWE

Hatua ya kwanza ni kujua aina ya picha. Picha iliyosafishwa studio kutokana na filamu huwa na vivuli laini visivyokatika. Picha iliyochapwa mtamboni, kama zile za kalenda, vitabu na kadi nyingi za posta, huonyesha vitone vidogo vidogo inapotazamwa kwa lenzi ya kukuzia. Vitone hivyo ni alama kwamba nakala zilichapwa nyingi, na huenda mahali fulani ipo nakala nyingine yenye maelezo kamili.

Picha nyeusi na nyeupe za zamani zilizosafishwa kwa dawa yenye madini ya fedha mara nyingine huanza kung'aa kama kioo katika sehemu zake nyeusi, hasa pembeni. Hiyo ni dalili ya umri na ya unyevu. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 nyingi hugeuka kuwa nyekundu au za manjano, kwa kuwa rangi moja hufifia mapema kuliko nyingine.

Hatua ya pili ni kutafuta vitu vyenye tarehe. Likionekana daraja jembamba la njia moja linalofanana na lile la 1972, picha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo. Likionekana daraja jipya la njia mbili, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kuzinduliwa rasmi Aprili 6, 2016 na Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame, basi picha ni ya karne hii. Mitambo na ukuta wa mradi wa umeme wa megawati 80, unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi, ni alama ya miaka ya karibuni zaidi.

Bendera nazo husaidia. Bendera ya Rwanda yenye rangi nyekundu, manjano na kijani, na herufi R katikati, ilitumika hadi mwaka 2001, ilipobadilishwa. Herufi hiyo huonekana hata katika picha isiyo na rangi. Vibao vya barabarani, aina ya malori na nambari za magari vyote ni mashahidi wadogo wanaostahili kuulizwa.

Hatua ya tatu ni kutambua upande. Tanzania magari hupita kushoto, Rwanda hupita kulia. Darajani kwenye njia moja jambo hilo halionekani, lakini katika barabara inayoingia darajani laweza kuonekana. Gari lililoegeshwa kulia mwa barabara si uthibitisho kamili, ila ni dokezo.

RUSUMO AU KYAKA?

Lipo kosa moja linalotokea kwa urahisi, nalo ni kuchanganya madaraja mawili ya mto mmoja. Maneno "Daraja la Kagera", yakiandikwa peke yake chini ya picha, yanaweza kumaanisha Rusumo. Yanaweza pia kumaanisha Kyaka, wilayani Missenyi, ambako mto huo hupita kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Victoria.

Daraja la Kyaka haliko mpakani. Mpaka wa Tanzania na Uganda uko Mutukula, kaskazini mwa mto, kwa sababu makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 yalifuata mstari wa nyuzi moja kusini mwa Ikweta na si mkondo wa maji. Mstari huo uliiachia Tanzania kipande cha ardhi ng'ambo ya Kagera.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalikivamia kipande hicho, na Novemba 1 Amin akatangaza kukitwaa, akidai mto ndio mpaka mpya. Siku chache baadaye askari wake walilivunja Daraja la Kyaka kwa baruti ili kuyazuia majeshi ya Tanzania kuvuka. Kwa majuma machache daraja lililovunjika likawa mpaka ambao Watanzania walikataa kuutambua. Jeshi la Wananchi liliwatimua wavamizi, likasonga mbele, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka.

Picha ya daraja lililolala majini ina maana moja kwa aliyepigana vita ile, na maana nyingine kabisa kwa anayedhani kuwa ni Rusumo mwaka 1994. Vijana waliokwenda vitani wakiwa na umri wa miaka 20 mwaka 1978 wamekwishavuka miaka 65. Wakiondoka bila kuandika jina la daraja nyuma ya picha zao, wajukuu watabaki kubahatisha.

ADUI WA PICHA NI UKUTA WENYEWE

Akheri hupata mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli mwishoni mwa mwaka. Ukungu wa Meru hushuka hadi milangoni, na kuta za nyumba, hasa zile zinazotazama upande wa mvua, hunyonya maji. Fremu iliyobanwa kwenye ukuta wa namna hiyo hupokea unyevu kwa nyuma huku kioo kikiuzuia usitoke kwa mbele. Matokeo yake ni madoa ya kahawia, ukungu, na picha kugandamana na kioo.

Dawa ya kwanza haina gharama. Picha ihamishiwe ukuta wa ndani usiopata mvua wala jua la moja kwa moja, mbali na jiko na taa ya chemli. Nyuma ya fremu, kwenye pembe za chini, vibandikwe vipande viwili vya kizibo au mbao nyembamba ili hewa ipite. Mwanga wa jua unaopiga kila alasiri hufifisha picha ndani ya miaka michache, na rangi iliyofifia hairudi.

Dawa ya pili ni kuangalia kilichoko ndani. Mafundi wengi wa fremu hutumia kadibodi ya kawaida au gazeti kuukuu kujaza nafasi. Karatasi hizo zina asidi, ambayo polepole huhamia kwenye picha na kuifanya iwe ya manjano na kukatika. Gundi na utepe wa plastiki huacha alama zisizotoka. Ni heri karatasi nyeupe safi, na ukingo wa karatasi nene unaoitenganisha picha na kioo.

Picha iliyokwishagandamana na kioo isivutwe kwa nguvu. Ipigwe picha kwa simu ikiwa bado ndani ya kioo, kwenye mwanga wa mchana usio mkali, kisha iachwe hadi apatikane mtu mwenye ujuzi. Vilevile, kuilaminisha picha, yaani kuifunika kwa plastiki ya moto, huonekana kama kuilinda, lakini joto na gundi huidhuru, na plastiki hiyo haivuliki tena.

Mchwa na mende nao hupenda mbao na karatasi. Fremu itundikwe mahali inapoweza kushushwa na kukaguliwa walau mara mbili kwa mwaka, kabla na baada ya masika.

Huko Lakilaki, wilayani Arumeru humo humo, chombo cha Umoja wa Mataifa kilichorithi kazi za ICTR kina jengo la nyaraka lililojengwa mahsusi kuzihifadhi kumbukumbu za mahakama hiyo, majengo yake yakiwa yamefunguliwa Novemba 2016. Humo joto na unyevu hudhibitiwa kwa mitambo. Familia haina mitambo hiyo, lakini kanuni ni moja: pakavu, pasipo jua, na kila kitu kiwe na maelezo yake.

YAANDIKWE NINI NYUMA YAKE?

Wenyeji wa Meru wana sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili. Akheri ndipo wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipouawa Oktoba 1896, na baadaye misheni ikaanzishwa Nkoaranga mwaka 1902. Tangu enzi hizo wamisionari na watawala walipiga picha nyingi za watu wa mlima huo na majirani zao, na nyingi zimehifadhiwa Ulaya na hata Marekani. Katika picha nyingi za aina hiyo Mzungu ana jina, naye Mwafrika ametajwa kwa kabila au kazi yake tu. Mjukuu anayemtafuta babu yake humo huona sura asiyoweza kuithibitisha.

Kosa lililofanywa na wageni kwa kutojua au kwa kutojali, haifai kurudiwa na wenyewe kwa uvivu.

Yanayotakiwa kuandikwa ni machache. Jina kamili la mahali: Rusumo, Ngara, wala si "mpakani" tu. Mwaka, au walau kipindi: kabla ya vita, wakati wa kambi, baada ya daraja jipya. Upande aliosimama mpiga picha. Nani aliileta picha nyumbani, na aliipata vipi. Majina ya watu wanaoonekana, kama yanajulikana. Mwisho, jina la aliyeandika maelezo hayo na tarehe aliyoandika, ili anayesoma ajue amepokea habari kutoka kwa nani.

Maandishi yawe ya penseli laini, pembeni mwa mgongo wa picha, bila kukandamiza. Wino wa kalamu hupenya na kutokea mbele. Kama mgongo wa picha hauandikiki, maelezo yaandikwe kwenye karatasi safi na kuwekwa nyuma ya fremu.

Jambo lisilojulikana liachwe wazi. Ni bora kuandika "yawezekana ni 1996" kuliko kuandika 1994 kwa kuwa ndio mwaka unaosisimua. Kuhusu daraja kama Rusumo, kosa la mwaka mmoja linaweza kumgeuza mtu aliyekuwa akirudi nyumbani kuwa mtu aliyekuwa akikimbia. Na kwa kuwa katika umati ule walikuwamo waliokosewa na waliokosa, si haki kumwandikia mtu asiyejulikana hatia wala utakatifu kwa kutazama mzigo aliobeba kichwani.

Picha ikiwa ni nadra, au ikionyesha tukio la umma, familia inaweza kutoa nakala kwa Makumbusho ya Taifa, ambayo ina vituo vyake jijini Arusha, au kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Kutoa nakala si kupoteza picha. Ile ya awali hubaki ukutani, na nakala hubaki salama hata nyumba ikipatwa na moto au mafuriko.

Daraja jembamba la 1972 limekwishawaachia malori daraja jipya. Maporomoko yenyewe, ambayo sauti yake ilisikika kabla mto haujaonekana, sasa yanagawana maji na mitambo ya umeme. Kijana anayefika Rusumo hivi leo haoni kile walichokiona wazazi wake.

Kilichobaki ni picha na wale wanaozikumbuka. Picha inaweza kukaa ukutani miaka 50 mingine ikitunzwa vizuri. Mwenye kumbukumbu hana uhakika huo. Jioni moja, wakati mzee bado yupo na penseli ipo mezani, fremu ishushwe na aulizwe.